Usiuondoe Wasiwasi: Mwongozo kwa Anayerudia Kunawa, Kukagua na Kuuliza

Kwa miaka minne simu yangu ilijaa picha za jiko. Si jiko la fahari. Ni jiko la gesi la plati mbili, na mtungi wake wa kilo 15 umesimama kando. Kila usiku kabla ya kulala nilipiga picha ya vifungo vya jiko, kisha picha ya kichwa cha mtungi, ili shaka ikinijia kitandani nifungue simu nitazame. Nilitazama. Shaka ikasema: picha hii huenda ni ya jana. Nikashuka kitandani tena.

Mke wangu aliniambia yale ambayo kila Mswahili humwambia mwenzake: "Ondoa wasiwasi." Aliyasema kwa huruma, na mimi niliyafuata kwa bidii kuliko alivyodhani. Kukagua kulikuwa kuondoa wasiwasi. Kupiga picha kulikuwa kuondoa wasiwasi. Kumwamsha saa saba usiku nimuulize kama alisikia harufu, vilevile. Kila nilipouondoa ulikwenda robo saa, ukarudi na njaa zaidi. Tiba iliyonisaidia ilinifundisha kinyume chake: uache ukae ulipo, usiujibu, uendelee na shughuli yako.

Naandika jinsi tiba hiyo inavyofanywa, hatua moja baada ya nyingine, kwa mtu ambaye hajui aanzie wapi. Mimi si daktari. Nilikaa kwenye kiti cha mgonjwa.

Hatua ya kwanza: tambua ni wasiwasi upi

Kiswahili kimebeba mizigo mingi kwenye neno hili moja. Mzazi anayehesabu ada ya shule mwezi Januari ana wasiwasi. Anayetawadha mara kumi na moja kwa sala moja naye ana wasiwasi. Neno lenyewe limetoka kwenye Kiarabu, ambako maana yake ni mnong'ono, kile kinachotiwa vifuani mwa watu, kama inavyosomwa katika Suratun-Nas. Wazee wa pwani wakisema "fulani ana wasiwasi wa udhu", wanataja maradhi yenyewe hasa, miaka mingi kabla hospitali hazijaanza kuandika OCD kwenye faili, kifupi cha Kiingereza cha maradhi ya fikra na matendo yanayojirudia bila hiari.

Wasiwasi wa jumla hurukaruka: leo kazi, kesho presha ya mama, keshokutwa mtoto amechelewa kurudi. Ukikaa miezi 6 au zaidi, siku nyingi kuliko zisizo nao, usingizi ukavurugika na shingo ikakaza, daktari atauita ugonjwa. Kuna na ule unaovamia: moyo unapiga mbio, pumzi inakata, vidole vinakufa ganzi, unadhani ndiyo mauti, na ndani ya dakika chache umefika kileleni kisha unaanza kushuka.

OCD ina vipande viwili vinavyoshikana. Kwanza fikra inayokuja bila kualikwa: gesi inavuja, tone la mkojo limenidondokea, mikono yangu ina uchafu utakaomuua mtoto, nimemkufuru Mungu moyoni. Pili tendo unalolifanya ili fikra inyamaze: kukagua, kunawa, kubadili nguo, kurudia nia ya sala, kuhesabu, kuuliza watu. Tendo linaweza kufanyika kichwani tu, kwa hiyo usimwamini anayesema huna maradhi haya kwa sababu huonekani ukinawa. Kama fikra na matendo hayo vinakula zaidi ya saa moja ya siku yako, au vimekuharibia kazi, ibada au ndoa, hilo si tabia ya usafi wala uchaji uliopitiliza. Ni jambo la kutibiwa.

Hospitalini huenda wakakupa dodoso la Yale-Brown, lililochapishwa mwaka 1989. Lina maswali 10 na alama kuanzia 0 hadi 40. Kuanzia 16 maradhi ni ya kiwango cha kati, kuanzia 24 ni makali. Mimi nilipata 27, na nilikuwa nimeingia mlangoni nikijiona nawapotezea muda.

Hapa nitakaa kidogo, maana kuna watu wanaosoma haya na fikra yao si ya gesi. Ni mama aliyejifungua wiki sita zilizopita, kila akishika kisu cha kukatia vitunguu anaona picha ya kumchoma mwanawe. Ni kijana ambaye matusi dhidi ya Mungu humjia katikati ya sijida. Ni mtu mwenye picha za zinaa ambazo hawezi kumtajia yeyote hata kwa kiapo. Dada yangu, kaka yangu, wataalamu wa maradhi haya wamezisikia hizo mara nyingi. Mwaka 1978 watafiti Rachman na de Silva waliwauliza watu wasio na ugonjwa wowote kuhusu fikra zao, na wengi wao walikiri kuwa nao huwajia fikra za aina hiyohiyo. Tofauti ni kwamba wao huzipuuza, nawe hutetemeka. Zinakutetemesha kwa sababu ziko kinyume na ulivyo. Mama yule ameficha visu vyote juu ya kabati na hathubutu kubaki na mtoto peke yake. Anayetaka kudhuru hajifichii kisu mwenyewe.

Lakini kama unasikia sauti zinazokuamuru, au unaona kufa ni afadhali na umeanza kufikiria namna, weka mwongozo huu chini. Mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi, na mwende pamoja hospitali yoyote yenye huduma ya dharura.

Hatua ya pili: tafuta wa kukuongoza

Anzia hospitali ya rufaa ya mkoa au ya kaunti, uulizie kliniki ya afya ya akili. Kwa walio Tanzania, Muhimbili ina idara yake, Dodoma kuna Mirembe, Unguja kuna Kidongo Chekundu. Kenya kuna Mathari jijini Nairobi na Port Reitz kule Mombasa. Najua majina mengine kati ya hayo yamekuwa matusi ya utani mtaani, na mtu akionekana getini habari hufika nyumbani kabla yake. Mgonjwa wa OCD kwa kawaida halazwi. Unaingia asubuhi, unaonana na mtaalamu, unarudi nyumbani kupika.

Ukishakaa naye, muulize swali moja: "Je, unafanya tiba ya kujikabilisha na kile ninachokiogopa, huku nikizuiwa kurudia matendo yangu?" Akisema ndiyo na akaweza kukueleza anavyoifanya, umefika. Tiba za mazungumzo ni nyingi, na si zote zinazofaa kwa maradhi haya. Unaweza kukaa na mnasihi mpole miezi minane mkizungumzia utoto wako, ukatoka umeliwazwa, na bado ukaenda kukagua mlango mara ishirini. Zahanati moja niliyoanzia mimi ilinipa vidonge vya usingizi. Nililala vizuri, na nilipoamka nilikwenda kukagua gesi.

Tiba ninayoizungumzia ina tarehe ya kuzaliwa. Hadi miaka ya 1960 madaktari wengi walikuwa wamekata tamaa na wagonjwa wa aina hii. Mwaka 1966 Victor Meyer, mwanasaikolojia wa Middlesex Hospital jijini London, alieleza habari za wagonjwa wawili ambao walipelekwa kwenye vitu walivyoviogopa, kisha wauguzi wakawazuia wasifanye matendo yao ya kujituliza. Wagonjwa hao walipata nafuu kubwa. Wengine waliomfuata, akiwemo mwanasaikolojia Edna Foa kule Philadelphia, Marekani, waliipanga ikawa tiba ya wiki chache, mara nyingi vikao 12 hadi 20, na kazi kubwa ikafanyika nyumbani kati ya kikao na kikao. Hakuna tena anayekufungia mabomba ya maji ili usinawe. Unajizuia mwenyewe.

Kama wasiwasi wako umekaa kwenye ibada, mhusishe kiongozi wa dini anayejua fikihi, yaani sheria za ibada, si anayejua makombe ya kunywesha wagonjwa tu. Nilimwendea shekhe mmoja wa msikiti wetu. Akanikumbusha kanuni ambayo kila mwanafunzi wa madrasa huisoma: yakini haiondolewi na shaka. Akanitajia hadithi ya anayehisi kitu tumboni akiwa ndani ya sala, kwamba asitoke mpaka asikie sauti au apate harufu. Akanitajia na ile ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba alikuwa akitawadha kwa kibaba cha maji na kuoga kwa pishi. Kibaba! Mimi nilikuwa namaliza ndoo.

"Na kama kweli udhu umenitoka, shekhe?"

"Umesikia sauti?"

"Hapana."

"Basi kasali."

Kesho yake nikarudi na swali lilelile, nimelibadilisha kanzu. Akanitazama, akatabasamu. "Mwanangu, hilo nilishakujibu. Sitakujibu tena." Nilitoka nimeudhika. Miezi baadaye mwanasaikolojia wangu aliposikia kisa hicho alicheka, akasema shekhe yule alikuwa ameanza tiba kabla yake.

Wakatoliki nao wana mwenzao. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, akiwa Manresa kule Hispania mwaka 1522, aliungama dhambi zilezile tena na tena mpaka akafikiria kujitupa shimoni. Padri anayeelewa maradhi haya atakupangia siku ya kuungama na atakataa kusikiliza dhambi uliyokwisha kuiungama. Usimkasirikie.

Hatua ya tatu: wiki moja ya daftari

Kabla ya kuacha chochote, andika. Daftari la kawaida la dukani linatosha. Kila tukio liwe na saa, kilichoanzisha, fikra, ulichofanya na dakika zilizopotea. Nanakili moja ya zangu:

Jumanne, saa 4:10 usiku. Nimezima jiko. Fikra: inavuja, watoto watalala wasiamke. Nimekagua mara 9, nimenusa kichwa cha mtungi mara 4, nimemuuliza mke mara 3, nimetazama picha. Dakika 38.

Siku tatu za kwanza utaandika matendo makubwa tu. Siku ya nne utaanza kuyaona yaliyojificha, na hayo ndiyo muhimu. Kumwomba mtu mwingine azime jiko ili lawama iwe yake ni tendo. Kuukwepa msikiti wenye bomba moja ni tendo. Kupekua intaneti saa nane usiku kuhusu dalili za gesi mwilini ni tendo. Kujirudia kichwani picha ya mkono wako ukizungusha kifungo ni tendo. Usiyahukumu, yahesabu.

Hatua ya nne: panga ngazi

Chukua vitu unavyoviogopa, uvipe alama kuanzia 0 hadi 100, ambapo 100 ni hofu usiyoweza kuifikiria. Kisha vipange kuanzia chini. Ngazi yangu ya gesi ilikuwa hivi:

20: kuzima jiko mchana, nisiliguse tena mpaka chakula kingine.
35: kuzima usiku, kutazama mara moja bila kugusa wala kunusa.
50: kuzima, kutoka kwenda dukani, nisirudie mlangoni.
60: kufuta picha zote za jiko kwenye simu.
75: mimi niwe wa mwisho jikoni, nilale bila kumwambia mke kama nimefunga.
90: mimi niwe wa mwisho kutoka nyumbani, tusafiri kwenda Korogwe, tulale siku mbili.

Angalia kwamba hakuna palipoandikwa "acha gesi wazi". Zoezi ni lile ambalo jirani yako asiye na maradhi hulifanya kila siku bila kujua kwamba ni zoezi. Ukiwa na mtaalamu mnaweza kwenda mbele zaidi kidogo, kwa mfano kugusa kitasa cha choo cha stendi kisha kula muhogo bila kunawa. Ukiwa peke yako kaa kwenye mipaka ya jirani.

Kila woga uwe na ngazi yake. Usichanganye udhu na gesi. Na usianzie juu kwa ushujaa. Nilijaribu wiki ya kwanza kwenda moja kwa moja kwenye 75, nikavunjika saa sita usiku, nikakagua mara kumi na sita kama mtu anayelipa deni.

Hatua ya tano: zoezi lenyewe

Mambo yote mengine ni maandalizi. Chagua kidato kimoja cha ngazi yako. Kabla ya kuanza andika unachotabiri: "Nisipogusa tena, sitavumilia, nitakesha." Fanya tendo mara moja, kwa mwendo wa kawaida, si kwa kukazia macho kama unayesoma mkataba. Ondoka. Shaka itakuja. Sasa usifanye kitu.

Usifanye kitu ni pamoja na kujiambia "nimefunga, nakumbuka nimefunga". Hilo nalo ni kukagua, ila kwa mdomo. Jibu ninalolitumia mpaka leo ni neno moja: huenda. Gesi inavuja? Huenda. Udhu umetoka? Huenda. Mimi ni mtu mbaya? Huenda. Mwanzoni neno hilo linachoma ulimi, hasa kwa sisi tuliolelewa tuambiwe kila jambo liwe na uhakika. Lakini fikra inayotaka ubishi ikipewa "huenda" inakosa pa kushika.

Usiku wangu wa kidato cha 35 naukumbuka kwa dakika. Nilitazama jiko mara moja, nikazima taa ya jikoni, nikaenda kitandani. Saa 4:20 alama ilikuwa 40. Saa 4:30 ilikuwa 70, kifua kimebana, na nikaapa pua yangu inapata harufu. (Inapata kweli. Ukiisubiri harufu utaipata.) Miguu ilishuka kitandani yenyewe. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikashika godoro kwa mikono miwili, nikasikiliza feni. Saa 4:50, 65. Saa 5:15, 45. Nilipotazama tena saa ilikuwa ni alfajiri na mwadhini anaanza. Kwenye daftari niliandika: "Nilitabiri nitakesha. Nililala kabla ya saa sita."

Usiku wa pili haukuwa mwepesi zaidi, na hili watu hawalielezi vya kutosha. Siku nyingine hofu hushuka, siku nyingine hukaa palepale saa mbili. Usipime zoezi kwa kushuka kwake. Lipime kwa jambo moja tu: shaka ilikuwepo, nawe hukulifanya lile tendo. Ukiweza hivyo huku unatetemeka, zoezi limefaulu. Rudia kidato hichohicho kila siku mpaka kikuchoshe, kisha panda.

Kwa udhu, chukua jagi, pima maji ya kiasi cha kibaba, karibu robo tatu ya lita, ufunge bomba. Osha kila kiungo mara moja. Shekhe wangu alinipa ruhusa hiyo, kwani mara moja ndiyo wajibu na tatu ni sunna. Maji yakiisha, udhu umeisha. Nenda kasali hata kama moyo unasema kisigino cha kushoto hakikupata maji. Huenda hakikupata.

Ukishindwa na ukakagua, usihesabu siku kuwa imeharibika. Haribu tendo badala yake: washa taa, iambie shaka "huenda" tena, uondoke. Au likawize. Nilipokuwa dhaifu nilijiambia nitakagua, lakini baada ya dakika kumi. Mara nyingi dakika kumi zilinipeleka hadi asubuhi.

Kwa fikra za kichwani pekee, andika hadithi fupi ya unachokiogopa, mistari mitano au sita, bila neno la faraja mwishoni. Irekodi kwenye simu kwa sauti yako mwenyewe, isikilize nusu saa kila siku. Hili lifanye na mtaalamu, maana kuna namna ya kuliandika na kuna namna ya kujitesa bure. Na jambo la pumzi: kuvuta pumzi taratibu kunamsaidia mwenye wasiwasi wa jumla, lakini mgonjwa wa OCD hulifanya kuwa tendo jipya la kujituliza kabla ya wiki kuisha. Kwenye zoezi liache.

Hatua ya sita: watu wa nyumbani

Mke wangu alikuwa anajibu maswali yangu kama arobaini kwa siku. Tulihesabu. Alidhani ananisaidia, na kila "ndiyo, umefunga" ilikuwa kijiko cha uji kwa maradhi. Mwanasaikolojia alituita wote wawili, tukakubaliana mchana, tukiwa tumetulia, kwamba maswali yatakuwa matatu kwa usiku kwa wiki ya kwanza, kisha moja, kisha hakuna. Kukata ghafla bila makubaliano ni ukatili, na huzaa ugomvi.

Swali likija nje ya hesabu alikuwa na jibu lake. "Mume wangu, hilo si swali lako. Ni la mgeni."

"Mgeni gani?"

"Yule wa miaka minne. Wenzake hupewa jembe siku ya tatu."

Tukacheka, na kicheko kikawa ndiyo jibu. Tangu hapo nyumbani kwetu jina lake ni mgeni. Kila familia itapata lugha yake. Muhimu ni kwamba mnaungana dhidi ya maradhi, na mgonjwa hasutwi wala hahakikishiwi. "Naona una hofu, na najua utaiweza" inatosha. Kwa mtoto, wazazi ndio wafanye sehemu kubwa ya hatua hii: acheni kumfulia nguo mara tatu, acheni kumfungulia milango, lakini mmwambie mapema na mmpongeze kila anapothubutu.

Kuhusu dawa

Si kila mtu anazihitaji, na anayezihitaji hajashindwa. Mimi nilitumia. Zinazotangulia ni zile zinazoongeza kazi ya serotonini kwenye ubongo, kama fluoksetini na setralini. Klomipramini ni ya zamani zaidi na ina nguvu, ila madhara yake ni mengi. Mambo machache ya kujua kabla hujaziacha wiki ya pili kwa hasira: kwa OCD dozi mara nyingi huwa kubwa kuliko ya sonona, na nafuu huchukua wiki 8 hadi 12. Kichefuchefu na kichwa kuuma huja mwanzoni na kwa wengi hupungua. Hamu ya tendo la ndoa inaweza kushuka. Mwambie daktari, usinyamaze. Usiache ghafla. Vijana walio chini ya miaka 25 waangaliwe kwa karibu wiki za mwanzo, kwa sababu baadhi yao hupata mawazo ya kujidhuru. Mjamzito, anayenyonyesha, na anayetumia dawa nyingine yoyote, ya mitishamba ikiwemo, aseme kabla ya kuandikiwa.

Diazepamu na ndugu zake hutuliza kwa saa chache, haziitibu OCD, na zina tabia ya kumfanya mtu asiweze kulala bila hizo. Usinunue dirishani kwa ushauri wa muuzaji.

Kama wako si OCD

Kwa wasiwasi wa jumla, tenga nusu saa kila siku, kwa mfano saa kumi na moja jioni, iwe saa ya kuhangaika. Hofu ikija saa tatu asubuhi iandike, uiambie saa yake haijafika. Ikifika, gawa karatasi: yale unayoweza kuyafanyia kitu kesho, yaandikie kitu hicho, yale ya "je, ikitokea", yaache kwenye karatasi. Kwa anayevamiwa na hofu ya ghafla, tiba ni kuzoea dalili zenyewe: panda ngazi mbio, jizungushe kwenye kiti, ujifunze kwamba moyo unaopiga mbio ni moyo unaofanya kazi. Ila mwone daktari kwanza akupime moyo, shinikizo la damu na tezi ya shingo, mara moja. Mara moja tu. Ukirudi mara ya sita kupimwa kilekile, rudi pia juu ya ukurasa huu usome kuhusu mgeni.

Akirudi

Atarudi. Uchovu humleta, mtoto mchanga humleta, Ramadhani iliniletea wa udhu miaka miwili mfululizo. Weka daftari lako mahali unapolijua.

Mwaka jana tulihamia nyumba yenye jiko la plati nne na mtungi uliowekwa nje, nyuma ya ukuta. Wiki ya kwanza nilijikuta nimesimama uani saa tano usiku na tochi ya simu, kidole kimeshafungua kamera. Mke wangu akachungulia dirishani, hakuuliza kitu. Nilirudi ndani nikatafuta daftari, nikaandika juu ya ukurasa mpya: jiko jipya, 20, kuzima mchana, nisiliguse tena mpaka chakula kingine.